Jina la Tovuti Yako Liko Mikononi mwa Nani?

Kabla hujasoma zaidi, shika simu yako na ufungue lookup.icann.org. Andika jina la tovuti ya biashara yako, kama linaishia na .com, .org au .africa, kisha usome majibu. Kama linaishia na .co.tz, tumia huduma ya utafutaji ya tzNIC, kama ni .co.ke, ya KeNIC. Utaona tarehe jina liliposajiliwa, tarehe muda wake utakapokwisha, na kampuni iliyolisajili. Jina la mmiliki siku hizi hufichwa mara nyingi kwa ajili ya faragha, kwa hiyo jiulize mwenyewe: akaunti iliyoko kwenye kampuni hiyo ninaweza kuifungua sasa hivi, kwa nenosiri ninalolijua, bila kumpigia mtu simu?

Kama jibu ni hapana, jina hilo hulimiliki, hata kama umekuwa ukitoa pesa zake kila mwaka. Ndivyo zilivyo tovuti nyingi za biashara ndogo, shule, misikiti, makanisa, vyama vya ushirika na hoteli za ufukweni. Kijana aliyetengeneza tovuti alisajili jina kwenye akaunti yake, kwa barua pepe yake na namba yake ya simu, kwa sababu siku ile ndiyo ilikuwa njia ya mkato. Hakuwa na nia mbaya. Baadaye akapata kazi Doha, au akabadilisha laini, au mkakosana juu ya malipo. Msajili hajui nani alitoa pesa mfukoni. Anamjua mwenye akaunti, na huyo ndiye atakayemsikiliza. Kwa sababu hiyo naanza na umiliki. Bei na mauzo yatafuata.

Unacholipia hasa

Jina la kikoa haliuzwi likawa lako milele. Unalipia haki ya kulitumia kwa muda, mwaka mmoja hadi kumi kwa majina kama .com, na muda ukiisha unalipa tena. Juu kabisa kuna rejista, taasisi inayotunza orodha nzima ya majina yenye mwisho fulani: Verisign kwa .com, tzNIC kwa .tz, KeNIC kwa .ke. Chini yake kuna wasajili walioidhinishwa. Chini ya wasajili kuna wauzaji wa rejareja wanaouza kwa kupitia akaunti ya msajili, na chini yao ndiko aliko yule kijana wa tovuti. Kila ngazi inayoongezeka kati yako na rejista ni mtu mwingine anayeweza kusahau kulipa, kufunga ofisi au kukukasirikia. Nunua kwa msajili aliyeidhinishwa, kwa akaunti uliyoifungua mwenyewe, halafu mpe fundi ruhusa ya kufanya kazi yake. Wasajili wengi wanaruhusu mtu wa pili kuingia bila kumpa uwezo wa kuhamisha jina. Kama wako haruhusu, keti na fundi mbadilishe mipangilio ya seva pamoja. Ni kazi ya dakika chache, na haimlazimu kulijua nenosiri lako.

tzNIC, iliyoanzishwa mwaka 2006 na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, pamoja na chama cha watoa huduma za intaneti, TISPA, haimuuzii mwananchi moja kwa moja. Orodha ya wasajili wake iko kwenye tovuti yake, na ni vizuri kuisoma kabla ya kumwamini mtu aliyekutumia tangazo WhatsApp. Wasajili wa nyumbani wana faida moja ambayo watu huidharau: unaweza kuwalipa kwa pesa za simu. Majina mengi ya .com yanapotea kwa sababu kadi ya benki iliyowekwa kwa msajili wa Marekani miaka mitatu iliyopita imeisha muda wake, malipo yamekataliwa kimyakimya, na barua za onyo zimeingia kwenye sanduku ambalo halisomwi.

Kuhusu bei, ujue namba moja. Tangu Septemba 2024 Verisign inamtoza msajili dola 10.26 kwa kila jina la .com kwa mwaka. Anayekuuzia kwa dola moja anakula hasara mwaka wa kwanza akitegemea kuirudisha mwaka wa pili, kwa hiyo soma bei ya kuhuisha kabla ya kusoma bei ya kununua. Anayekutoza dola 60 mwulize zile nyingine ni za kitu gani. Huenda ni za kuhifadhi tovuti kwenye seva, na hiyo ni huduma nyingine kabisa. Mimi napendelea vitu hivyo viwili vikae kwa kampuni mbili tofauti. Ukigombana na mwenye seva unahamisha tovuti na jina linabaki kwako. Vyote vikiwa mahali pamoja, ugomvi mmoja unafunga kila kitu.

Kuchagua mwisho na kuchagua jina

Kama wateja wako wako Tanzania, .co.tz inatosha na inaaminika. Shirika lisilo la kibiashara lina .or.tz, shule .sc.tz, chuo .ac.tz. Kama unauza nje, kwa mfano asali ya Tabora kwenda Ulaya au safari za Zanzibar kwa wageni, chukua .com pamoja na .co.tz, moja iwe tovuti na nyingine iielekeze huko. Usikusanye miisho kumi. Kila mmoja ni ada ya kila mwaka na ni tarehe nyingine ya kukumbuka.

Cha bure kiepuke kabisa. Kampuni ya Freenom iligawa bure majina ya .tk, .ml, .ga, .cf na .gq kwa miaka mingi, na vijana wengi wa Afrika walianzia huko. Meta iliishtaki kwa sababu ya matapeli waliojazana kwenye majina hayo, nayo ikaacha kusajili majina mapya mwaka 2023. Mwaka huohuo Gabon ilirudisha .ga mikononi mwake na mamilioni ya majina yakafutwa. Wenye tovuti halali humo hawakuwa na risiti wala haki ya kudai, maana hawakuwa wamenunua chochote. Kumbuka pia kwamba mwisho wa nchi huja na sheria za nchi hiyo: mwaka 2010 Libya ilifuta jina vb.ly kwa madai kwamba linakiuka sheria zake, na mwenye jina alikuwa mbali nchi za nje.

Jina lenyewe lijaribu kwa sikio. Biashara zetu zinatangazwa redioni, kwenye daladala na kwa simu, kwa hiyo mtu atalisikia kabla ya kuliona. Mpigie mtu wa mkoa mwingine, mtamkie mara moja, mwambie aliandike. Angalia anachofanya kwenye r na l, dh na z, th na s, na kama h imebaki mahali pake. Alama ya ng' haiwezi kuingia kwenye anwani, hivyo ng'ombe atakuwa ngombe, na wapo watakaojaribu kuiweka. Kistari kinakubalika katikati ya jina, lakini kila ukilitamka itabidi uongeze maelezo. Ukigundua kosa ambalo watu wanalirudia, hilo ndilo jina la pili la kusajili, kabla mwingine hajaligundua.

Nenda pia BRELA, au BPRA ukiwa Zanzibar, au KIPI ukiwa Kenya, uangalie alama za biashara. Kusajili jina la biashara hakukupi kikoa, na kikoa hakikupi alama ya biashara. Kuna hata aliyeumia akiwa na haki yake: Uzi Nissan alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa jina la ukoo wake mwenyewe, kampuni ya magari ikamshtaki mwaka 1999, na ingawa jina lilibaki kwake, kesi ilimla miaka na pesa nyingi.

Kufunga milango

Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko popote. Akaunti ya msajili iandikishwe kwa barua pepe ambayo haiko kwenye kikoa hichohicho. Ukiiandikisha kwa info@ ya tovuti yako, siku jina likisimama barua pepe nayo inasimama, na ujumbe wa kubadilisha nenosiri unatumwa kwenye sanduku lisilopokea. Tumia anwani ya nje ambayo wewe na mtu mmoja wa kuaminika mnaweza kuifungua. Isiwe ya mfanyakazi, na isiwe ile ya chuo uliyopewa ukiwa mwanafunzi.

Weka uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti ya msajili na kwenye barua pepe hiyo pia, kwa programu ya simu inayotoa namba za muda badala ya ujumbe mfupi. Wizi wa laini tunaujua sote: tapeli anairudisha laini yako kwa jina lako, na kwa saa chache ujumbe wako wote unamfikia yeye. Hata bila wizi, laini isiyotumika kwa miezi hufungwa na namba hupewa mtu mwingine. Zile namba za akiba unazopewa ukiwasha huduma hiyo ziandike kwenye karatasi, uzifungie pamoja na hati ya kiwanja.

Washa kufuli ya uhamisho. Ukitafuta jina lako kwenye lookup.icann.org, hali yake isomeke clientTransferProhibited. Msimbo wa uhamisho usimpe mtu yeyote isipokuwa siku unahama kweli, maana mwenye msimbo na kufuli iliyofunguliwa analichukua jina kwenda kwa msajili mwingine.

Kisa cha perl.com kinaonyesha wizi huu unavyofanyika kwa utulivu. Jina hilo la miaka ya 1990 ni la tovuti ya lugha ya programu ya Perl. Januari 2021 waliokuwa wakiitunza waliamka wakakuta linaelekea kwingine. Walipofuatilia, ilionekana kuwa uvamizi wenyewe ulifanyika Septemba 2020, kwa msajili kudanganywa. Wezi hawakugusa chochote. Baada ya jina kubadilishwa, kwa kawaida kuna zuio la siku 60 kabla ya kulihamisha. Walisubiri likapita, wakalihamisha kwa msajili mwingine Desemba, na tovuti ikaendelea kufunguka kama kawaida. Mwishowe likatangazwa sokoni kwa dola 190,000. Lilirudishwa mwanzoni mwa Februari kwa sababu wenyewe walijulikana duniani kote na wasajili walishirikiana nao. Duka la Kariakoo halina umaarufu huo. Kwa hiyo angalia taarifa za jina lako mara kwa mara: msajili ni yuleyule? Kufuli ipo? Seva za majina ni zilezile? Tovuti kufunguka si ushahidi.

Muda ukiisha

Desemba 1999 Microsoft ilisahau kulipia passport.com, jina lililokuwa likitumika kuingia Hotmail, na watu wakashindwa kusoma barua zao. Mtengeneza programu wa Tennessee, Michael Chaney, ndiye aliyelipa zile dola 35 ili huduma irudi. Kampuni yenye mawakili na wahasibu wote wale ilisahau, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu yako. Washa kuhuisha kiotomatiki, kisha ulipe miaka kadhaa mbele, kisha uweke tarehe kwenye simu mbili tofauti.

Kwa .com, msajili analazimika kukukumbusha takriban mwezi mmoja na wiki moja kabla ya tarehe, na tena ndani ya siku tano baada ya tarehe kupita. Muda ukishapita anaweza kulishikilia jina hadi siku 45, na wengi hulipiga mnada ndani ya kipindi hicho. Likifutwa linaingia siku 30 za kukombolewa, na hapo faini huwa kubwa kuliko ada ya miaka mingi. Halafu siku tano za kusubiri ambazo hakuna anayeweza kufanya kitu, kisha linaachiwa, na programu za wawindaji hulikamata ndani ya sekunde. Kwa .co.tz na .co.ke usihesabu siku hizo. Utaratibu wao ni wa kwao. Mwandikie msajili wako umuulize siku ngapi, na jibu lake ulihifadhi.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni hili: ukiliacha jina life, barua pepe zake zinakwenda na atakayelichukua. Ataunda upya anwani uliyokuwa ukitumia, na benki, ukurasa wa Facebook, akaunti ya mapato ya serikali, vyote vilivyoandikishwa kwa anwani hiyo vitamtumia yeye kiungo cha kubadilisha nenosiri. Hata biashara ikifungwa, endelea kulipia jina miaka kadhaa, na kwanza uhamishe kila akaunti iliyofungamana nalo.

Kununua kwa mtu

Jina unalolitaka lina mwenyewe. Kabla ya kumtafuta, soma historia yake: web.archive.org itakuonyesha lilikuwa na tovuti gani zamani. Kama lilikuwa la kamari au la kuuza dawa bandia, barua pepe zako zinaweza kuishia kwenye takataka za wateja kwa muda mrefu, kwa hiyo litafute pia kwenye orodha za Spamhaus. Angalia alama za biashara. Linganisha bei kwenye NameBio, ambako mauzo yaliyotangazwa yamekusanywa, usije ukatishwa na bei ya kutajiwa tu.

Malipo ndipo watu wanapolia. Usimtumie mgeni pesa za simu kwa ahadi ya kukutumia msimbo. Tumia mtu wa kati anayeshika pesa mpaka jina lifike, kama Escrow.com, baada ya kuhakikisha anahudumia nchi yako na umeandika anwani yake mwenyewe, maana tovuti bandia za aina hiyo ni nyingi. Mkiwa mji mmoja, wakili mwenye akaunti ya wateja anafaa, na mkataba wa ukurasa mmoja utaje jina la kikoa, bei, tarehe, na kwamba muuzaji ana haki ya kuuza. Jina ni lako likishaingia kwenye akaunti yako na taarifa za mmiliki kubadilika. Kabla ya hapo usimwachilie pesa. Likifika, futa mipangilio yote ya zamani, hasa ya barua pepe, na uanze upya.

Ukinunua biashara nzima, duka au hoteli, kikoa kitajwe kwenye mkataba kwa jina lake kamili. Vivyo hivyo kwenye mirathi: familia nyingi huorodhesha mashamba na magari, na jina la tovuti linakufa kwa sababu marehemu pekee ndiye aliyejua nenosiri.

Kuuza

Niseme wazi: majina mengi hayauziki, na anayenunua mia kwa matumaini analipa ada mia kila mwaka. Yanayouzika ni mafupi, yanayotamkika, yenye neno ambalo biashara kadhaa tofauti zinaweza kulitaka. Usisajili jina la kampuni ya mtu ili umuuzie. Chini ya UDRP, utaratibu wa kutatua migogoro ya majina wa mwaka 1999, mwenye alama ya biashara akionyesha kwamba jina linafanana na alama yake, kwamba huna haki nalo, na kwamba ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya, atalichukua bila kukulipa; kumwandikia ukimtajia bei ni ushahidi dhidi yako. WIPO, shirika linalosikiliza mashauri hayo, inatoza dola 1,500 kwa shauri la msuluhishi mmoja, gharama ambayo biashara ndogo haiimudu kirahisi, na ndiyo maana wewe mwenye jina halali ujisajilie mapema.

Ukipata mnunuzi, weka bei kwenye maandishi, subiri pesa zithibitishwe na mtu wa kati, ndipo ufungue kufuli. Malipo ya kadi yanaweza kurudishwa baada ya wiki, jina halirudi.

Kuna mtego maalumu kwa wauzaji. Mtu anakuandikia kwamba atalipa bei kubwa mno, ila kwanza anataka cheti cha thamani kutoka tovuti anayoitaja. Unalipia cheti, mnunuzi anapotea. Ndugu wa mtego huo ni barua inayodai kampuni fulani ya China inataka kusajili jina lako kwa .cn, ikikuhimiza uharakishe, na ankara inayofanana na ya kuhuisha kutoka kampuni usiyoijua. Kuhuisha kunafanyika ndani ya akaunti yako tu, ukiingia kwa kuandika anwani ya msajili mwenyewe.

Likiibiwa

Usiandike Facebook kwanza. Mpigie msajili wako saa hiyohiyo, umtumie na barua pepe kutoka anwani nyingine, ueleze kwamba jina limehamishwa bila idhini yako na uombe ligandishwe. Kwa .tz wajulishe na tzNIC, kwa .ke KeNIC. Badilisha nenosiri la barua pepe iliyoandikishwa, na uangalie kama kuna kanuni ya siri inayopeleka ujumbe wako kwingine. Waambie wateja wasilipe kwa ankara yoyote inayotoka kwenye anwani za kikoa hicho. Ripoti polisi, upate namba ya jalada. Kisha kusanya ushahidi: risiti za miaka yote, barua za msajili, picha za akaunti zenye tarehe, cheti cha BRELA, matangazo ya zamani yenye anwani hiyo. Nakala zake zikae leo mahali pasipofunguliwa kwa kutumia kikoa hicho.